Jinsi ya Kula Mdudu Ukiwa Choma

Choma ni jina la mahali kabla ya kuwa agizo kwa mpishi. Ipo wilayani Igunga, mkoani Tabora, na jina lake kamili ni Choma cha Nkola, jimbo la Manonga. Mgeni akisoma jina hilo kwenye kibao, tumbo lake huitika kabla ya mdomo. Mwongozo huu ni wake, na ni wa mwenyeji pia, maana mwenyeji ndiye anayekula kwa mazoea, na mazoea hayachunguzi nyama.

Anza kwa kumwita mnyama jina lake. Vijiweni anaitwa kitimoto, mbuzi katoliki, mdudu. Majina ya mtu anayetazama nyuma kabla ya kuagiza. Wanyamwezi na Wasukuma wanamwita ngulube, na mwenye sikio atasikia kwamba ngulube na nguruwe ni ndugu wa shina moja. Huku hakuna sababu ya kumwonea aibu. Katika bonde hili la Manonga wachimbaji wa mabaki ya kale wamefukua mifupa ya Nyanzachoerus, nguruwe mkubwa aliyetembea hapa zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita, kabla hajatokea mtu wa kumwekea bei. Huyu wa bandani ni wa ukoo mwingine, chimbuko lake ni nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, lakini jamii yao ilitutangulia Choma kwa mbali.

Ukifika kwenye banda la nyama, salimia kwanza. "Mwangaluka" inatosha kulainisha kisu. Kisha omba mnofu, na ujue unanunua nini. Gramu 100 za mnofu mbichi usio na mafuta zina protini kama gramu 20, sawa na nyama nyingine nzuri. Sifa ya pekee ya nguruwe ni vitamini B1: mnofu huo unakaribia miligramu 1, wakati ule wa ng'ombe haufiki hata 0.2. Mtu mzima anahitaji miligramu 1.1 hadi 1.2 kwa siku. B1 ndiyo inayouwezesha mwili kugeuza wanga kuwa nguvu, na sisi wa Igunga ni watu wa wanga: ugali mchana, wali usiku.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili linanifurahisha kila nikilifikiria. Tunapeleka mpunga mashineni, tunaukoboa mpaka uwe mweupe kama meno ya mtoto, na sehemu kubwa ya B1 inabaki kwenye pumba. Pumba tunampa nguruwe. Nguruwe anaihifadhi ndani ya misuli yake, kisha anaturudishia sahanini, juu ya wali uleule tulioupokonya vitamini. Asia ya Mashariki watu wengi walikufa kwa beriberi kwa sababu ya mchele uliokobolewa hivyo. Mholanzi Christiaan Eijkman aliifuatilia siri hiyo kwa kuwachunguza kuku kisiwani Java, na mwaka 1929 akapewa Tuzo ya Nobel.

Usichemshe nyama kwa saa nyingi ukamwaga supu, maana B1 huyeyuka majini na joto huipunguza. Mafuta yapunguze kabla ya kukaanga: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini ina 4, na mwenye tumbo lililokwisha kumtangulia mlangoni anajua ziada inakwenda wapi. Nyama hii haina vitamini C wala nyuzinyuzi, kwa hiyo kachumbari, ndizi na ndimu havikuwekwa pembeni kwa ajili ya picha. Uvile. Na nyama usiile kila siku.

Sasa tazama nyama kwa makini kuliko unavyotazama mizani. Ukiona viini vyeupe, vya duara, mithili ya punje za mchele au kubwa zaidi, vimejipanga kati ya nyuzi za nyama, hivyo ni watoto wa tegu. Wali uagize jikoni. Mchele wa namna hii usikubali kupimiwa. Mwulize muuzaji: "Kaka, mkaguzi wa mifugo amepita? Nionyeshe muhuri." Akikasirika, okoa fedha yako. Usipoona kitu bado usijiamini, kwani vichache hujificha ndani. Nyama ikatwe vipande vidogo, iive hadi katikati, pasibaki wekundu wala maji ya damu. Pande kubwa lililoungua nje na kubaki bichi ndani halijachomwa, limetishwa tu.

Lakini nani alimpa nguruwe tegu? Tulimpa sisi. Tegu mkubwa haishi ndani ya nguruwe. Anaishi ndani ya utumbo wa mtu, akirefuka mita kadhaa, na mayai yake hutoka na kinyesi. Nguruwe anayeachwa azurure hula kinyesi cha porini, mayai huingia mwilini mwake na kuwa viini katika nyama, nasi tukiila nyama hiyo haijaiva, duara linafungwa. Tunamwita mchafu mnyama aliyekula tulichokiacha nyuma ya kichaka.

Kibaya zaidi kinaweza kumpata hata mtu asiyekula nguruwe kabisa. Mayai yale yakibaki kwenye vidole vya mwenye tegu, yakahamia kwenye kachumbari, kwenye maji, kwenye mkono wa mtoto, huanguliwa na kwenda kukaa mwilini, hata kwenye ubongo. Hapo ndipo kifafa kinapoanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ambako tegu huyu amekita, takribani asilimia 30 ya visa vya kifafa hutokana naye. Nyanda za Mbulu na Mbozi, hapa hapa nchini, zimechunguzwa na watafiti wetu na tatizo limeonekana wazi. Kwa hiyo bibi aliyetafutiwa waganga miaka mitano kwa sababu anaanguka, pengine hakulogwa na jirani. Jirani hakunawa.

Dawa ya jambo hili ni choo, na nchi hii ilishasema zamani. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwaketisha watu vijijini kuzungumza afya na kuchimba vyoo; mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Anayetaka kitimoto safi achimbe shimo, alifunike, aweke maji na sabuni mlangoni, halafu amfungie nguruwe bandani.

Bandani umpe pumba, mashudu ya alizeti kutoka kwa jirani zetu wa Singida, majani ya viazi. Mashudu ya pamba usimjazie eti kwa kuwa yapo mengi Igunga: yana sumu ya gosipoli, ambayo tumbo la ng'ombe huimudu na la nguruwe hushindwa nayo. Makombo ya hotelini yachemshe, maana hubeba homa ya nguruwe ya Afrika. Homa hiyo haimdhuru mtu lakini humaliza banda zima, na haina tiba. Mbebaji wake mwingine ni papasi. Wapagazi wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji walimjua vizuri: hujificha kwenye nyufa za ukuta, hutoka usiku, humwachia msafiri homa nyingine, inayokwenda na kurudi. Daktari Joseph Everett Dutton alikufa kwayo Kasongo, Kongo, Februari 1905, alipokuwa akiichunguza. Papasi wa jamii hiyo hukaa pia kwenye mashimo ya ngiri, na huko ndiko homa ya nguruwe ilikoanzia safari iliyofika Ureno mwaka 1957 na China mwaka 2018. Ziba nyufa za banda, na ngiri asikaribie.

Njia hiyo ya misafara ilileta Tabora Uislamu kabla ya reli, na mezani pako kuna watu ambao nyama hii ni haramu kwao. Wasabato nao hawaili. Usiwaazime sufuria. Usimchanganyie mtu mafuta kwa utani. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam, na wengi wetu tunakumbuka hofu ya siku zile. Tenga jiko, kisu na ubao, na ukialika watu chinja kuku pia.

Mama mjamzito, mtoto anayekua, kijana anayelima mpunga tangu alfajiri, wote wanastahili nyama hii ikiwa dini yao inaruhusu. Na kama nyumbani kwako kuna anayeanguka kifafa, mpeleke kituo cha afya wiki hii, ale nguruwe au asile. Dawa zipo.