Chai ya Idi juu ya Zulia

Mavyaa wangu amezisafisha sebule za Garsen baada ya mafuriko mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Mto Tana hushuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua ukiwa na udongo wake, na unapovunja kingo, kama ulivyofanya mwishoni mwa 2023 na tena 2024, tope ndilo humwachia mtu kazi. Kwa tope ana kanuni moja, nayo ni sahihi: liache likauke, kisha lipigwe na kufagiliwa. Ukiligusa likiwa bichi, unalisukuma ndani ya nyuzi.

Basi asubuhi ya Idi, wageni wa kutoka Minjila na Tarasaa wamezunguka sinia la mahamri na mbaazi, mtoto wa wifi yangu akaukimbilia mpira na kuipiga chupa ya chai teke. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Chai ya maziwa, yenye tangawizi, iliki na sukari ya kutosha, ikamiminika katikati ya zulia letu la sufu. Tukamnyanyua mtoto kwanza na kumwangalia miguu. Hakuungua, alhamdulillahi.

Hapo sebule ikagawanyika. Shemeji akaagiza maji ya moto. Wifi akaenda mbio bafuni, akarudi na chupa ya jiki. Mavyaa akainua mkono. “Mwanangu, usiliguse. Liache likauke.”

Kumkatalia mavyaa mbele ya wageni si jambo dogo. Nikapiga magoti karibu yake. “Mama, tope ni mchanga na udongo, likikauka linapukutika. Chai haipukutiki. Rangi ya majani inazama kwenye sufu kadiri tunavyozungumza, na maziwa yakilala humo yatachacha.” Akaniangalia kidogo, kisha akasema, “Haya, mwenye nyumba ni wewe.”

Nikamrudishia shemeji birika lake. Protini ya maziwa ikipata joto huganda, na ikigandia kwenye uzi kuitoa ni taabu. Jiki nayo nikaiomba irudi bafuni. Klorini haing'oi doa peke yake: inakula rangi ya zulia, na sufu inaila yenyewe mpaka nyuzi zikatike. Shati jeupe la pamba linaivumilia, zulia la sufu halivumilii.

Wifi akanitupia leso mpya iliyokuwa begani mwake. Moyo wa wema, lakini leso mpya huchuja, na tungejikuta na doa la chai na doa jekundu juu yake. Tukachana shuka nyeupe kuukuu. Nikakunja kitambaa, nikakikandamiza kutoka ukingo wa doa kuelekea katikati, nikageuza upande mkavu, nikakandamiza tena kwa uzito wa mwili. Shemeji alitaka kusugua, nikamshika mkono. Kusugua hutandaza doa na kuzivuruga nyuzi, na alama ya nyuzi zilizovurugika hubaki hata chai ikitoka. Kukandamiza ndiyo kazi yenyewe. Kitambaa kiliendelea kutoka na chai muda mrefu baada ya zulia kuonekana kavu kwa macho.

Kisha maji, na hapa watu wa huku tuwe macho. Maji ya mto yana udongo, ukiyatia kwenye zulia umeongeza tope juu ya chai. Nilichota ya mvua yaliyotulia mtungini, baridi, nikatia matone machache ya sabuni ya vyombo, nikalowesha kitambaa bila kulimwagia zulia. Kandamiza, kausha. Baada ya sabuni nikapitisha kitambaa cha maji matupu, maana sabuni inayobaki hunata na kuvuta vumbi. Rangi ya kahawia iliyosalia niliifuata kwa siki kidogo iliyochanganywa na maji, baada ya kuijaribu kwenye pembe iliyofichwa na kochi. Ikapauka, ikaisha.

Mavyaa ndiye aliyekumbusha kuligeuza zulia. Sakafu ya saruji chini yake ilikuwa imelowa, na zulia linaloachwa hivyo huoza kwa chini huku juu likiwa zuri. Tulilitundika kivulini penye upepo, kwa kuwa jua la Garsen lingelipausha.

Zulia liko sebuleni, halina doa wala harufu. Lakini siku ile siki na jiki zilifika chumba kimoja, na hilo ndilo linalonitia hofu hadi leo. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Ndugu msomaji, usivitumie pamoja kwenye doa lolote, na usiviweke rafu moja.