Mjomba, Umeteuliwa

Ukitaka kujua mtu wa Newala anakuthamini kiasi gani, usiangalie kitoweo. Angalia amekutengea maji kiasi gani ya kuoga. Ndoo ikijaa, wewe ni mgeni wa heshima, au kuna jambo wanataka kukuomba. Nusu ndoo, wewe ni ndugu. Ukiona kopo la lita moja na kitambaa, hapo wewe ni shemeji uliyekaa kupita kiasi.

Si uchoyo. Uwanda wa Makonde umelalia mchanga na mawe yanayofyonza maji. Mvua ikinyesha huzama moja kwa moja, wala haiagi. Juu kule hakuna mto. Kina mama walikuwa wakishuka genge hadi mabondeni na kupanda na mtungi kichwani. Miaka ya 1950 ukaanzishwa mradi wa kusukuma maji kwa pampu kutoka Mitema, bonde la Kitangari, kuyapandisha mlimani. Miaka ya 1970 wakaja Wafini na visima vyao. Hata hivyo pampu nazo hupumzika, na zikipumzika kila nyumba hurudi kwenye kisima chake cha kukinga maji ya bati, kile kilichochimbwa uani, kikasakafiwa kwa saruji na kuwekewa mfuniko wenye kufuli. Ndiyo, kufuli. Kuna nyumba naijua Newala ambayo mlango wa mbele hufungwa kwa kamba na kisima kwa kufuli.

Ni katika mazingira hayo, Agosti 2014, kiangazi kimekaza na bei ya dumu la maji inashindana na nauli ya bodaboda, ndipo ilipotufikia ndoo ya barafu.

Kwa ambaye mwaka ule hakuwa na simu: kulikuwa na kijana wa Boston, Pete Frates, mchezaji wa zamani wa besiboli, aliyepatwa na ALS. Ni maradhi ya mishipa ya fahamu, hudhoofisha misuli mpaka mtu anashindwa kutembea, kumeza, mwisho kupumua. Ndiyo aliyoishi nayo mwanasayansi Stephen Hawking. Frates na mgonjwa mwenzake, Pat Quinn, waliupa nguvu mchezo mmoja: unajimwagia ndoo ya maji ya barafu, unarekodiwa video, unataja wengine, nao wana saa 24 kufanya hivyohivyo au watoe dola 100. Wengi walifanya yote mawili. Bill Gates alijitengenezea mtambo wa kumwaga. George W. Bush alimwagiwa na mkewe, na alionekana kutoshangaa sana. Barack Obama akakataa kulowa, akatoa hela. Mtu aliyekuwa na bibi kijijini Kogelo, Kenya, alijua ndoo ya maji inatoka wapi. Chama cha ALS cha Marekani kikakusanya dola milioni 115, na sehemu ya fedha hizo ikasaidia utafiti uliogundua jeni mojawapo inayohusika na maradhi hayo. Hapo sina utani. Ni kazi kubwa.

Shida ni kwamba mchezo ule haukuwa na mpaka. Ulitoka Boston, ukapita London, ukatua Sinza, Dar es Salaam, kwa mpwa wangu.

Wasomaji wa mikoa mingine itabidi niwaeleze kidogo. Kwetu kusini, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ni mtu mzito. Posa inaletwa, anaulizwa mjomba. Mtoto anakwenda jandoni, anaulizwa mjomba. Mpwa husalimia, hupokea mzigo, husubiri aambiwe. Hakuna mzee aliyewahi kutabiri kwamba iko siku mpwa atasimama uani kwa watu, kavaa bukta, kalowa chapachapa, atazame simu na kutamka: "Na ninamteua mjomba wangu, Mwalimu wa Masasi. Shikamoo mjomba. Una saa ishirini na nne."

Angenipigia simu, ningemkaripia yakaisha. Lakini alisema mbele ya Facebook nzima, na kwenye Facebook yake wamo walimu wenzangu, wamo waumini wenzangu, yumo na jamaa ninayemdai. Simu ikaanza kulia. "Mwalimu, tunasubiri." "Mzee, usituangushe wana Masasi." Yule ninayemdai, ambaye hapokei simu zangu tangu msimu uliopita wa korosho, akaandika: "Saa zinakwenda."

Kutoa dola 100? Kwa wakati ule ilikuwa laki moja na sitini na kitu, na mtu wa korosho anaujua mwezi wa Agosti. Hela yote imeishia kwenye salfa ya kupulizia mikorosho. Minada ya vyama vya ushirika ni kuanzia Oktoba. Wangeuanzisha mchezo wao Novemba ningelipa siku hiyohiyo, nikiwa mkavu. Na wala sikuogopa kuitwa bahili, jina hilo walimu tumezoea. Mtu wa makamo anachoogopa ni kuambiwa amepitwa na wakati, tena na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Saa zile zilinikuta Newala kwa dada, nimepanda kwa kikao cha ukoo. Jumamosi jioni nikamfuata jikoni.

"Dada, naomba ndoo moja ya maji."

"Si umeoga asubuhi?"

"Si ya kuoga. Ya kujimwagia."

"Kujimwagia ndiyo kuoga."

"Na barafu ndani yake."

Aliacha mwiko, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Nikaeleza: ugonjwa, Marekani, saa 24, na mwanao ndiye aliyeniteua. Dada yangu ana adabu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sijapata mtu wa kunijibia: "Sasa huyo mgonjwa, maji yanamfikiaje?"

Tulifikia mapatano. Maji yasiguse ardhi. Nisimame ndani ya beseni kubwa la kufulia, yakishanipitia yabaki ni yake, atadekia na kumwagilia mchicha. Akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo, akachota mwenyewe, na kila alipotumbukiza kopo kisimani alinitazama mimi badala ya kopo.

Ikabaki barafu. Masasi ningepata mabonge ya kuwekea samaki. Newala jioni ile umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na friji lililokuwa bado lina baridi ni la mama mmoja jirani. Nikamtuma mtoto na elfu mbili: "Kalete barafu, nyingi." Mtoto wa kwetu ukimwambia barafu analeta anachokijua. Alirudi anakimbia na mfuko wa barafu za ubuyu, zile za kufyonza, nyekundu, zimeanza kulainika. Saa zilikuwa zinakwenda, kama alivyosema mdaiwa wangu. Tukazichana vifuko kwa meno, mimi na watoto watatu, tukazitumbukiza. Maji yakageuka rangi ya waridi, kisha mekundu kabisa.

Mpiga picha alikuwa kijana wa darasa la sita, aliyenihakikishia kwamba simu za aina ile anazijua. Nikavaa shati langu jeupe la kikao ili nionekane vizuri. Nikaingia kwenye beseni. Wanaodhani Mtwara yote ni joto hawajasimama Newala jioni ya Agosti, pale karibu na Shimo la Mungu, upepo ukipanda kutoka bonde la Ruvuma. Nilitoa hotuba fupi kuhusu maradhi ya mishipa ya fahamu, kwa Kiswahili fasaha, nikawataja niliowateua, nikainua ndoo.

Sitaeleza baridi ile. Niseme tu kwamba kokwa moja ya ubuyu iliingia sikioni na ikalala humo.

Kumbe kijana alikuwa amebonyeza mara ya kwanza akidhani anaanza, kumbe anasimamisha. Akabonyeza mara ya pili akidhani anasimamisha, ndiyo akaanza. Hotuba haimo. Ndoo haimo. Kilichomo ni mzee mwenye shati jeupe lililotapakaa wekundu kuanzia kichwani, anapepesuka, anatafuta pumzi, ameshika mwembe, na nyuma yake sauti ya mwanamke inalia: "Mungu wangu, mtu mzima huyu!" Hayo sikuyajua. Video niliituma bila kuitazama, na bando likaisha kabla sijaandika neno la maelezo. Simu nikaizima kutunza chaji, nikalala nimeridhika.

Jumapili niliiwasha umeme uliporudi. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mwalimu mkuu: "Pole sana. Ni bodaboda?" Wa pili ulikuwa M-Pesa, nimepokea shilingi 10,000. Wa tatu M-Pesa, 5,000, kutoka kwa mtu ambaye nilidhani alikwishanisahau. Kanisani Masasi nilikuwa nimekwisha kuombewa. Na kwenye grupu la WhatsApp la shule kulikuwa na orodha, kichwa chake herufi kubwa: MICHANGO YA MATIBABU YA MWALIMU WETU. Katibu wa orodha ni yule ninayemdai. Jina lake lilikuwa namba moja, na mbele yake pameandikwa: ahadi.

Hebu tuiangalie orodha hiyo, maana Mtanzania yeyote anaifahamu kuliko nambari yake ya kitambulisho. Namba, jina, kiasi, alama ya vema. Kila anayetoa anainakili, anaongeza lake, anaituma upya, na simu za watu themanini zinalia. Wawili wakituma kwa pamoja, mmoja anafutika, unaanza ugomvi. Chini kabisa kuna majina ambayo mbele yake ni peupe, na peupe pale pana nguvu kuliko barua ya mahakama. Hakuna anayekutukana. Mtunza hazina anaandika tu, kila jioni, "Tunaendelea kupokea, Mungu awabariki mliokwisha kutoa." Waliokwisha! Mtu anakopa ili awe miongoni mwao.

Ndiyo maana nawashangaa wanaosema shinikizo hili lililetwa na Wamarekani. Nani asiyemjua mtani msibani? Watu wanalia, kaburi liko tayari, mtani anashuka, analala humo, anasema hatoki mpaka apewe chake. Mnacheka na machozi yenu, mnachangishana, mnampa, anatoka anajipangusa mchanga. Yule hakuhitaji video. Wafiwa wote walikuwa wanatazama. Nao Wakenya, mwaka 2011, njaa ilipoipiga Turkana na kaskazini yote, walichangishana kwa simu katika kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi zao milioni 500 kwa wiki nne, wakapita. Watu walituma kidogokidogo, wengine vijisenti. Hakuna aliyemwaga maji, na kwa ukame ule angeanza nani?

Tena wako waliousahihisha mchezo wenyewe ulipokuwa bado wa moto. Huko Hyderabad, India, mama mmoja aitwaye Manju Latha Kalanidhi aligeuza ndoo ya maji kuwa ndoo ya mchele, unampa mwenye shida. Gaza, mwaka uleule wa vita, mwandishi wa habari alijimwagia ndoo ya kifusi, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo. Nilipomsimulia dada habari ya India alisema huyo mama ana akili. Akaishia hapo. Mimi hakunitaja.

Kurudisha hela za pole kulikuwa kugumu kuliko kuzipata. Niliwapigia mmoja mmoja, nikaeleza habari ya ubuyu. Wengine walicheka mpaka salio likakatika, lakini kupokea walikataa: hela ya pole hairudi, utaita mkosi. Mpwa, akiwa Sinza, akapendekeza tuzitume Marekani zikatimize lengo. Nikamuuliza makato atalipa nani, akanyamaza. Mwisho zilinunua maji ya kujaza kisima cha dada, na dumu kadhaa zikapita nyumba ya pili, kwa mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Dada humpelekea maji siku zote. Nikasema basi angalau hili tulirekodi. "Una bando?" aliuliza.

Sina.

Mwaka 2025 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Carolina wakaifufua ndoo, safari hii kwa ajili ya afya ya akili, na vijana wa mjini wakaanza tena kutetemeka mbele ya simu zao. Nikakaa mkao wa kujihami. Hakuna aliyenitaja. Mpwa amekuwa mtu mzima, ana kitambi kidogo, anaoa. Amefungua grupu, ametuingiza wote bila kutuuliza, na ujumbe wake wa kwanza ulikuwa huu: "Shikamoo wajomba, shikamoo mama zangu. Kamati tayari. Mjomba wa Masasi ameteuliwa kuwa mwenyekiti." Chini yake orodha. Namba moja ni mimi, na mbele ya jina langu wameshaandika laki tano.

Nikaweka dole gumba. Ni Agosti.