Data Yenye Pasipoti

Mkulima wa Naitiri hapeleki mahindi London ndipo yarudi kusagwa posho mill. Barua pepe za Nairobi ndizo zilizokuwa na makuu hayo: kutoka ofisi hii hadi ya jirani, zilipanda setilaiti kwanza, zikapitia ng'ambo.

Kituo cha kuunganisha mitandao ya Kenya, KIXP, kilipofunguliwa mwishoni mwa 2000 ili data ibadilishwe hapa hapa, Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa imevunjwa. Ya kimataifa! Kituo kikafungwa, kikarudi 2002.

Mwaka 2011 Google ikaweka seva ya akiba nchini: video ikishaombwa na mmoja, nakala hubaki karibu kwa wengine.

Karibu, yaani Nairobi. Anayetazama akiwa mashambani Tongaren bado huagiza mjini, ila sasa bila viza.