Simba wa Ufaransa na stika ya matatu

Mtu akikwambia amepata Simba, usikimbilie kumpa mkono; muulize kwanza ni Simba yupi. Yule wa mpira, wa Msimbazi, tunamjua, na watani wake Yanga wa Jangwani wana maneno yao juu yake ambayo hayaandikiki. Huyu ninayemsonya leo anagawiwa kila Juni mjini Cannes, kusini mwa Ufaransa, ufukwe wa watu wenye hela zao, na wanaomkimbilia ni watengenezaji wa matangazo wa dunia nzima. Mashindano yalianzia Venice mwaka 1954, mji ambao nembo yake ni simba mwenye mabawa, ndiyo maana tuzo ikawa simba. Mwaka 2024 kazi zilizoshindanishwa zilipita 26,000, na kila moja inalipiwa kiingilio cha mamia ya euro, ushinde usishinde. Muuza kahawa wetu wa kijiweni alipiga hesabu ile kichwani, akalitazama birika lake, akasema, "Kumbe sisi wengine tunacheza tu."

Sina ugomvi na tangazo. Tangazo la zamani lilikuwa na adabu yake: sabuni inatoa povu, inang'arisha, kanunue, basi. Mtu anajua anauziwa kitu, na muuzaji hajifichi. Kinachonichefua ni huu mtindo wa siku hizi, kampuni inakuja na machozi mashavuni kutuambia ina uchungu na wanawake, na wakimbizi, na samaki wa baharini, halafu ukigeuza ukurasa unakuta bei. Chukua Dove. Tangu 2004 wanawaambia wanawake waipende miili yao ilivyo, wanene kwa wembamba, wenye makunyanzi na wenye mabaka, na dunia ikapiga makofi. Mwenye Dove ni Unilever. Unilever huyo huyo, kwenye dirisha la pili, alikuwa akiuza Fair & Lovely, krimu ya kujichubua kistaarabu, na jina hilo halikubadilishwa mpaka 2020, wakati maandamano ya watu weusi yanawaka Marekani. Mama ntilie wetu aliposikia hayo hakusema neno. Alivuta msonyo mmoja mrefu, akaendelea kugeuza chapati.

Lakini aliyenifurahisha kwa kunikera ni yule msichana wa New York. Machi 7, 2017, siku moja kabla ya Siku ya Wanawake Duniani, wafanyakazi wa mabenki kule Manhattan walikuta sanamu ya shaba ya kitoto cha kike, kimo chake sentimita 130 hivi, mikono kiunoni, kinamkazia macho fahali mkubwa wa shaba ambaye wamemzoea tangu 1989. Wamekiita Fearless Girl, msichana asiyeogopa. Watu wakamiminika na simu, kina mama wakapanga foleni na mabinti zao wapige naye picha. Na kazi yenyewe ni nzuri, tusiseme uongo. Hata asiyejua kusoma anaielewa akiwa ng'ambo ya barabara.

Haya, nani kamweka? State Street Global Advisors, kampuni ya kusimamia fedha za wawekezaji, kupitia wakala wa matangazo McCann. Miguuni pa mtoto kulikuwa na kibao cha kuwasifu wanawake viongozi, na katikati ya sifa neno moja likaandikwa kwa herufi kubwa, SHE, ambalo ndilo jina la mfuko wao kwenye soko la hisa. Yaani msichana alikuwa anauza mfuko. Juni akabeba tuzo kuu nne kule Cannes. Oktoba ya mwaka huo huo State Street ikakubali kutoa dola milioni 5, baada ya Wizara ya Kazi ya Marekani kudai kwamba iliwalipa mameneja wake wanawake, na weusi pia, chini ya wenzao wanaume na weupe. Kampuni ilikana kosa, ila hela ilitoka. Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2019 wakamshtaki Kristen Visbal, mchongaji wa sanamu, wakisema anatengeneza nakala na kuziuza. Mtoto haogopi kitu, mama yake kaburuzwa mahakamani na waliomwagiza kumzaa.

Arturo Di Modica, aliyemchonga fahali, alilalamika kwamba kile kitoto kimembadilishia maana ya kazi yake. Fundi saa wetu yuko upande wa mzee huyo. Di Modica alimtengeneza fahali kwa hela zake mwenyewe, akamshusha usiku mbele ya soko la hisa bila kibali, hakuna aliyemtuma. "Huyo ndiye msanii," fundi saa anasema. "Wale wengine wametumwa dukani."

Hayo tunaweza kuyacheka. Yanayofuata siyacheki. Mwaka 2016, mwaka ambao zaidi ya watu 5,000 walikufa au walipotea wakijaribu kuvuka Mediterania, wakiwemo majirani zetu wa Eritrea na Somalia, wakala Grey wa Singapore alitoa programu ya simu iitwayo I Sea. Maelezo yake yalikuwa matamu: ukiwa umekaa kwako unapewa kipande cha bahari, unakikagua kwa picha za setilaiti, ukiona boti la wakimbizi unabonyeza, na taarifa inawafikia waokoaji wa MOAS, shirika lenye makao Malta. Vyombo vya habari vikaimba. Majaji wa Cannes wakatoa Simba wa shaba. Kisha mafundi wa programu wakaipasua tumbo wakakuta picha ya bahari ni ile ile kwa kila mtu, haisogei wala haibadiliki. Apple wakaiondoa, MOAS wakajitenga nayo, Simba akarudishwa. Grey walijitetea kwamba ilikuwa bado kwenye majaribio. Majaribio! Mtu kajifungia chumbani usiku anaikodolea picha iliyoganda, akiamini anaokoa roho, na roho zenyewe zinazama kwingine. Laiti wangetangaza soda tu, nisingekuwa na neno.

Ungedhani somo limewaingia. Juni 2025 wakala DM9 wa Brazil akapewa tuzo kuu kwa kazi ya Consul, chapa ya majokofu na vifaa vya nyumbani iliyo chini ya Whirlpool. Wazo lilikuwa mteja achukue jokofu lisilokula umeme mwingi, alilipe kwa kile kinachopungua kwenye bili. Wazo zuri, na mama ntilie alitaka kujua kama huku litafika. Ila video waliyowaonyesha majaji ilikuwa imechezewa kwa akili mnemba, mpaka habari ya CNN Brasil ikageuzwa ionekane inatangaza kampeni yao. Tuzo ikafutwa, na kazi nyingine za wakala huyo zikaondolewa, mojawapo ikiwa ya kuwatetea Wayanomami wa Amazon wanaoteswa na wachimba dhahabu. Wana Yanga wa kijiweni hawakungoja nimalize. "Simba kanyang'anywa kombe mezani? Hiyo nayo ni habari?" Wakarushiana maneno hadi kahawa ikapoa.

Ukiniuliza mimi, ugonjwa uko hapa: jaji haoni mtaa. Anaona video ya dakika mbili hivi inayomsimulia jinsi mtaa ulivyolipuka kwa furaha, muziki wa kinanda chini yake, tarakimu zinapanda kwenye kioo, bibi kizee anatabasamu. Anayeandaa kampeni anajua hilo tangu siku ya kwanza. Basi nguvu inakwenda kwenye video, na huyo bibi kizee anakuwa mapambo.

Si kila Simba ni wa kuazima, lakini. Yule wa 2009 alikwenda kwa wanaostahili. Gazeti la The Zimbabwean, la Wilf Mbanga aliyekuwa uhamishoni, lilikuwa likichapwa nje ya nchi na kuingizwa Zimbabwe, na serikali ya Mugabe ikalitwisha kodi ya bidhaa za anasa. Gazeti, anasa! Bei ikapanda, msomaji wa kawaida akashindwa kulinunua. Wakala TBWA Hunt Lascaris wa Johannesburg akachukua noti za Zimbabwe zenyewe, zile za mabilioni na matrilioni ambazo hazikuweza kununua hata mkate, akapiga chapa matangazo ya gazeti juu yake, akazibandika ukutani na kwenye mabango kama karatasi ya kupambia chumba. Noti ndiyo ushahidi, na noti ndiyo tangazo. Hapo hata ukimletea jaji video ya uongo haiongezi kitu, maana noti unaishika mkononi. Na mabango yalisimama Afrika Kusini. Ingekuwa Harare, aliyeyabandika angelala rumande.

Wale wa treni za Melbourne nao walistahili, na wimbo wao wa 2012 wa vikaragosi wanaokufa vifo vya kijinga, Dumb Ways to Die. McCann tena. Tuzo kuu tano kwa mpigo, watoto wa mabara yote wanauimba, na kampuni ya treni ikasema matukio ya hatari yamepungua. Ila reli yenyewe inatajwa mwishoni kabisa, baada ya msururu wa vifo visivyohusu treni, na mwaka 2021 haki za vikaragosi zikauzwa kwa kampuni ya michezo ya kompyuta kwa zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Onyo la usalama limegeuka mali ya kuuzwa. Sisemi vibaya. Nasema tu.

Tangazo gani basi lilitugusa sisi? Kijiwe kizima kilijibu kwa sauti moja: Fataki. Waliokuwa na redio kuanzia 2008 wanamkumbuka, mzee mwenye hela za kujionyesha na maneno ya kulainisha, anamvizia binti wa shule. Kila tangazo, anapokaribia kunasa, anatokea mtu wa pembeni anaingilia, na mzee anabaki na aibu yake. Fedha zilitoka Marekani, mradi ulikuwa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lakini Kiswahili kilikuwa cha hapa hapa, cha kwenye benchi kama hili. Na uzuri wake ni kwamba hawakumhubiria binti, ambaye kila mtu anamhubiria. Walimgeukia jirani: wewe unayeona, mbona umenyamaza? Jina likashuka kutoka redioni likaingia mtaani. Mzee akiketi baa na kabinti, meza ya pili mtu anakohoa, "Fataki huyo!" Fundi saa anadai kuna watu wa mtaa huu walihama baa, na alipokuwa akisema hivyo alimtazama mtu ambaye simtaji kwa sababu bado tunakunywa naye kahawa.

Kenya walijaribu kwa njia nyingine mwaka 2013, tangazo la televisheni la kumwambia mke mwenye mchepuko kwamba angalau atumie kondomu. Mtaa uliongea, tena sana, lakini maaskofu na masheikh wakasimama safu moja, jambo adimu, na tangazo likatolewa hewani.

Na bado, kama ningekuwa na Simba mmoja wa kugawa, ningempeleka Kenya, kwa stika. Mwaka 2008 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na Billy Jack, walianza kubandika stika ndani ya matatu za masafa marefu, pale abiria anapokaa akaiona. Ujumbe wake: dereva akiendesha ovyo, usikae kimya, mwambie. Gari zaidi ya 2,000 zilihusika. Kwa bahati nasibu nusu hivi zikapata stika na nyingine zikaachwa zilivyo. Kisha, badala ya kutengeneza video, walikwenda kwenye bima kuhesabu madai ya ajali. Gari zenye stika zilikuwa na madai pungufu kwa nusu au zaidi. Walipopanua kazi baadaye, upungufu ukawa kati ya robo na theluthi, na hizo bado ni roho za watu.

Kila aliyepanda gari la namna hiyo anajua kwa nini ilifanya kazi. Gari linapaa, umeng'ang'ania kiti cha mbele, unamtazama jirani yako, naye anatazama dirishani. Moyo unataka kupiga kelele, lakini unaogopa konda atakwambia ukapande ndege, na gari zima likucheke. Stika haikukufundisha kwamba mwendo unaua. Hilo ulilijua kabla hujakata tiketi. Imekuonyesha kwamba na jirani ameyasoma maneno yale yale. Ukianza wewe, mama wa nyuma anadakia, kijana wa dirishani anaongeza, mara dereva anabishana na watu kumi na watatu. Karatasi yenye gundi, hiyo! Na ili dereva asiibandue, walimwekea bahati nasibu ya kila wiki: gari likikaguliwa na stika iko mahali pake, dereva anaweza kushinda pesa.

Hapo dogo wa bodaboda, aliyekuwa kimya muda wote anachezea simu, akainua kichwa.

"Subiri kwanza, mzee. Dereva alikuwa anapata hela kwa kubeba stika?"

Nikamwambia ni bahati nasibu tu, anaweza kushinda, anaweza kukosa.

Akageuka akatuonyesha mgongo. Reflekta yake ina nembo ya kampuni ya kubeti, imeenea kutoka bega hadi bega. "Mimi nashinda na hii asubuhi mpaka usiku. Mbagala, Posta, Mwenge, foleni nzima inasoma mgongo wangu. Nilipewa bure, nikasema asante."

"Na kufua unafua mwenyewe?" muuza kahawa akauliza.

"Nafua mwenyewe."

Fundi saa tayari alikuwa ameshachomoa kalamu sikioni na kugeuza pakiti ya sigara upande mweupe. Akaandika bei ya kukodi bango la barabarani kwa mwezi kama alivyoisikia, akaupima mgongo wa dogo kwa macho, akaugawa kwa futi, akaongeza kitu kwa sababu bango la kawaida halitembei. Kisha akasimama, akafikiri.

"Ila ukipakia abiria," akasema, "tangazo si linazibwa? Hapo itabidi tukate."