Uliza Shangazi: Moto wa Uani

*Shangazi, shemeji yangu wa Montréal alitutumia kwenye kontena jiko kubwa la gesi la kuchomea nyama, lenye kifuniko na magurudumu. Liliwaka siku ya harusi tu. Mtungi ukaisha, sasa kuku wanataga humo. Nataka niligeuze meko ya kuotea moto uani, wageni waketi kuuzunguka jioni kama kwenye filamu. Nianzie wapi?*
*Mwenye Jiko, Nyamugo*

Mwanangu, anza kwa kupima huo ua. Nyamugo naijua: hatua tatu kutoka mlangoni umegusa ukuta wa mbao wa jirani, ya nne umeonja mboga yake. Hao wageni watauzunguka moto wakipitia wapi, juu ya mabati?

Lakini najua hutalala mpaka umelibomoa, basi libomoe kwa akili. Mtungi kwanza. Atakuja fundi akuambie ni mtupu, aukate upate bakuli zuri. Mfukuze. Mtungi mtupu hubaki na mvuke wa gesi, na cheche moja ya mashine ya kukatia inatosha kuukusanya ukoo wote kwako, wakiwa wamevaa nguo za msiba. Urudishe kwa wauza gesi. Kisha ng'oa mpira, bomba, vichomeo na kila kilicho cha plastiki, na hao kuku wapewe notisi.

Sasa tafuta sumaku kwenye spika iliyokufa. Isiponasa kwenye sanduku la jiko, huenda umeletewa alumini, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu. Makala yakipulizwa na upepo wa kiangazi yanafika huko na kupita. Panga matofali ya kuchoma ndani, au kandika udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, uuache ukauke kabisa kabla ya kuwasha. Matundu usizibe kwa vipande vya bati la kuezekea. Lina zinki, ikiungua moshi wake unaleta homa. Mawe ya ziwani nayo yaache ziwani. Yamekunywa maji, yakipata moto yanapasuka na kumrushia mgeni vipande.

Ukimaliza, tembea mpaka sokoni Kadutu utazame mbabula ya makala iliyotengenezwa kwa chuma chakavu. Inabebwa kwa mkono mmoja, haina kifuniko, haina shemeji.

Na ndoo ya mchanga ikae kando kabla ya mgeni wa kwanza kukaa. Nyumba zetu za mbao zimebanana, moto ukishika moja haubishi hodi kwa inayofuata, na gari la zimamoto halijajifunza kushuka ngazi za udongo.

*Shangazi, jirani wa chini anachoma nyama kila Jumamosi. Moshi wote unapanda kwangu. Nikilalamika ananipa mshikaki mmoja, nanyamaza. Nifanyeje?*
*Wa Juu, Cimpunda*

Mlima wetu hauna mahakama ya rufaa. Moshi unapanda, maji ya mvua yanateremka: anachokutumia Julai unamrudishia Novemba, pamoja na tope. Dai mishikaki mitatu.

*Shangazi, usiku kuna baridi. Mume wangu, nyama ikiisha kuiva, anaingiza mbabula chumbani ili makala yasipotee bure. Anasema hayatoi moshi tena, hayana neno.*
*Mama wa Wanne, Nkafu*

Hapa sichezi, mama. Hayo yasiyotoa moshi ndiyo yanayoua. Makala yanayowaka hutoa monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Chumba kikifungwa, mtu anaanza na kichwa kuuma, unafuatia usingizi, asubuhi majirani wanavunja mlango. Na wewe una wanne humo.

Uchungu wa makala naujua, hasa kwa bei ya siku hizi. Tena mengine yalikuwa miti ya Kahuzi-Biega, hifadhi ambayo UNESCO iliitia kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, kisha mwaka 1997 kwenye orodha ya zilizo hatarini. Gorila wamehamishwa ili mumeo aote moto, angalau asiyachezee. Nyama ikiiva, yatie kwenye sufuria kuukuu ya chuma, funika kabisa, ukiiacha hapo hapo nje. Yatakosa hewa yazimike, kesho yatawaka tena chini ya maharagi.

Akiendelea kubisha, mpe blanketi, alale nje na mbabula yake. Nitapita alfajiri kumjulia hali.