Chagua Utakacho, Kilichopo Ni Hiki

Shemeji alilala kwetu, simu yake ikaisha chaji, akaomba yangu "aangalie kitu kidogo." Kitu chenyewe kilikuwa dawa ya bawasiri. Sikujua lolote mpaka Jumapili, kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa wifi, nilipozungusha simu ili wajumbe waone vitenge vya sare kwenye ukurasa wa duka fulani. Baba mkubwa, mwenyekiti wetu, alipandisha kidole kutoka kitenge cha kwanza kwenda cha pili, na katikati pakachomoza tangazo: bwana mmoja kakunja uso, kakalia mto, na maandishi mekundu yanayomsihi asiteseke kimya kimya. Baba mkubwa alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akasoma tena. Kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Pole, mwanangu. Haya mambo yapo."

Kikao kilipofungwa nilikuwa nimeahidiwa mizizi ya aina tatu, na mama mmoja wa kamati ya chakula alishaniwekea mto kwenye kiti bila kuniuliza. Kujitetea nako ni kazi bure. Mtu anayesema "si mimi, ni shemeji" ndiye hasa anayeumwa.

Aliyenihurumia ni binti wa jirani anayesoma kompyuta chuoni. "Anti, unatumia injini ya utafutaji inayokumbuka kila unachoiuliza. Hamia Startpage." Akanieleza kuwa hiyo ni ya Uholanzi, nayo huenda kuuliza Google kwa niaba yako bila kusema nani kauliza. Ipo pia Mojeek ya Uingereza, inayojipekulia mtandao yenyewe. Na ipo DuckDuckGo ya Marekani, iliyoanza mwaka 2008, ambayo tangazo lake hufuata neno uliloandika sasa hivi na si mambo uliyokuwa ukiyatafuta mwezi mzima.

Basi nikaingia kwenye mipangilio ya kivinjari kilichokuja na simu. Nikakuta mahali pa kubadilisha injini, nikabonyeza kwa mkono wa mtu anayesaini hati ya kiwanja. Orodha ikafunguka, fupi. Startpage haimo. Mojeek haimo. Nikashuka chini kutafuta palipoandikwa "ongeza nyingine", nikakuta orodha imeishia palepale. Mama ntilie naye hukuuliza "nikupe nini?" huku keshapakua wali maharage, lakini yeye angalau anakuuliza huku anacheka.

Mwenye iPhone asininyooshee kidole. Kwa miaka mingi Safari imempa mtumiaji wake Google, Yahoo na Bing; DuckDuckGo ikaongezwa mwaka 2014, Ecosia ya Ujerumani, ile inayopanda miti kwa pesa za matangazo, ikafuata mwishoni mwa 2020. Ukitaka iliyo nje ya hizo, hakuna mahali pa kuandika anwani yake. Chrome ya Android ina mzunguko wake: unaiendea tovuti ya injini unayoitaka, unatafuta kitu hapo, kisha unarudi kwenye mipangilio kuona kama imejitokeza miongoni mwa zile ulizotembelea karibuni. Kwenye kompyuta, Chrome hiyohiyo inakuachia uandike anwani mwenyewe. Tofauti ni nini, sijaelezwa. Labda aliyeshika simu anahesabiwa kuwa mtoto.

Hata ukifaulu, bado kuna kile kisanduku cha kutafutia kilichobandikwa kwenye uso wa simu nyingi za Android. Hakina habari na ulichochagua ndani ya kivinjari. Chenyewe kinakwenda Google moja kwa moja. Shemeji aliporudi, akaazima tena, akaandika humohumo, safari hii bei za trekta. Simlaumu. Tangu hapo natangaziwa trekta, na kusema kweli kwa trekta nimepata heshima ambayo bawasiri haikunipa.

Nilidhani orodha ni fupi kwa sababu ya uvivu wa mafundi. Kumbe kuna hela. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilifichuliwa kwamba mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndiyo injini inayokutwa tayari ndani ya Safari. Kwa bei ya dola ya mwaka ule, fedha hizo zinazidi bajeti nzima ya serikali ya Tanzania ya 2022/23, iliyokuwa shilingi trilioni 41.48. Soma tena, kama baba mkubwa. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imevunja sheria ili kulinda ukiritimba wake katika utafutaji.

Ulaya hawakungoja uungwana wa mtu. Mwaka 2018 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa mambo ya Android, na baadaye ikaja skrini ya kuchagua: unawasha simu mpya, unaulizwa unataka injini ipi. Vituko navyo havikukosekana. Mwanzoni, mwaka 2020, nafasi kwenye skrini hiyo zilinadiwa kama mali ya mnada, na mwenye pesa ndiye aliyeonekana. Mnada ulifutwa mwaka uliofuata. Tangu Machi 2024 sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya inalazimisha skrini za namna hiyo. Ndugu yangu aliyeko Berlin anaulizwa. Mimi wa Tandika siulizwi, kana kwamba bawasiri ya shemeji wa Ulaya ina siri kuliko ya shemeji wa Temeke.

Kwa sasa nimehamia Firefox ya Android, ambayo ina mahali pa kuongeza injini yoyote: unaandika anwani yake na alama ya %s pale neno la kutafuta linapokaa. Inataka subira na mtu wa kukusomea, lakini inawezekana. Ila hatuwezi kuwa na binti wa chuo kwa kila nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, Tume ya kuisimamia ipo, na Tume ya Ushindani ipo. Waheshimiwa, kaeni pamoja, mtuletee na sisi skrini ya kuchagua.