Ndizi Yenye Mapigo ya Moyo

Yangambi ni mji wa kupima. Tangu Wabelgiji walipounda INEAC, taasisi yao ya utafiti wa kilimo, mwaka 1933 na kuweka kituo chake kikuu hapa kando ya mto Kongo, hakuna kitu kinachopita bila kuandikwa daftarini: mvua, joto, michikichi, kahawa, mpira. Hata majani makavu ya msituni yana herbariamu yao, vielelezo kama 150,000, kila kimoja na karatasi ya jina lake. INERA iliyorithi kazi hiyo bado inapima. Na mwaka 2020 ulianza kazi mnara wa CongoFlux, mita 55 kwenda juu, ambao shughuli yake ni kuuvizia msitu unavyopumua: mchana miti inavuta hewa ya kaboni, usiku inaitoa, na mnara unaandika.

Basi shemeji yangu wa Brussels aliponitumia saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo usiku kucha, niliona ni haki yangu. Kama mti wa Yangambi unapimwa ukiwa umelala, mwalimu wa biolojia amekosa nini?

Tatizo lilianzia kwenye mwanga. Saa hizi zina taa ndogo za kijani upande wa chini, unaogusa ngozi. Damu inapenda kumeza mwanga wa kijani. Moyo ukisukuma, damu inajaa kidogo kwenye mkono, mwanga unaorudi unapungua. Moyo ukipumzika, unaongezeka tena. Kuna kijicho kati ya hizo taa kinachohesabu kupanda na kushuka huko. Ubaoni, mbele ya wanafunzi, ni somo tamu. Lakini ndani ya chandarua, katika nyumba ya mbao yenye nyufa, usiku usio na umeme, ni taa ya kijani inayowaka na kuzimika chumbani kwa mtu mzima bila sababu inayojulikana.

Mbu hawakushtuka. Aliyeshtuka ni bibi mmoja jirani yetu.

"Mwanangu," aliniambia asubuhi, kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kusaidia, "hiyo ndege yako inatua saa ngapi?"

Msomaji wa mbali aelewe kwamba huku kwetu wachawi husemwa kusafiri usiku kwa ndege zao, na sifa kubwa ya ndege hizo ni kutoonekana. Yangu ilionekana, tena na taa zake. Nilimvulia saa, nikamweleza habari za damu na mwanga tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kwa heshima zote. Jioni akaleta furushi la samaki wa moshi, wamefungwa vizuri kwa majani, wapelekewe mwanawe Kinshasa. Samaki hao walipanda boti kama samaki wengine, na mpaka leo mama yule anaamini kwamba mimi ni rubani mchoyo.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yanaiva. Mke wangu hajawahi kujali sayansi yangu, lakini mchoro wa mapigo unaotokea kwenye simu aliuelewa kwa usiku mmoja. Alijua kuwa moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya 60 na 100 kwa dakika, kwamba usingizini hushuka, na wa mtu mwenye afya unaweza kwenda chini ya 60. Baada ya hapo hakuhitaji mwalimu.

"Baba Junior, njoo hapa. Saa sita ya usiku moyo wako uko 92. Nani alikuwa anakukimbiza?"

"Ni ndoto, mama. Mtu akiota, moyo hupanda."

"Ndoto inapanda na kushuka. Hii imepanda saa tatu, haijashuka mpaka alfajiri. Hiyo si ndoto. Hiyo ni lotoko."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Pombe huufanya moyo ukimbie kwa saa nyingi wakati mwenyewe amelala fofofo, na lotoko yetu ya mahindi na muhogo si kinywaji cha kuaga mapema. Zamani mwanaume alitafuna karanga njiani akafika nyumbani msafi. Sasa ushahidi anauvaa mkononi, tena kwa hiari yake, na tena analipia kuuchaji kwenye kibanda cha sola.

Pale ambapo ningetaka saa ijue mambo, haikujua. Nilikwenda kwenye matanga ya mjomba wa mke wangu. Tulikesha kwenye viti vya plastiki, ngoma na nyimbo mpaka kukakucha, na watu walicheza kama inavyotakiwa kwa mzee aliyekufa akiacha wajukuu. Kulipopambazuka, mchungaji akainua mkono, watu wakainamisha vichwa, kimya kikashuka. Saa ikatetemeka. Kwenye kioo zikalipuka fataki za rangi na maneno ya pongezi: nimetimiza lengo langu la hatua za siku! Shangazi wa marehemu aliniangalia mimi, akaangalia fataki, akaniangalia tena. Nilipofika nyumbani nikakuta ushauri mwingine: usiku wangu ulikuwa mbaya, leo nijaribu kulala mapema na kuepuka kelele.

Iliwahi hata kunisifu kwa kuugua. Asubuhi moja iliniambia mapigo yangu ya kupumzika yamepanda sana kuliko kawaida, kwa hiyo nipunguze mazoezi. Mazoezi! Wiki ile nilikuwa nimefanya zoezi la kusahihisha madaftari. Lakini nilijisikia mwanamichezo, nikavimba kidogo, na mchana nikaanza kutetemeka kwa baridi kwenye jua la mkoa wetu wa Tshopo. Muuguzi alinichoma kidole, akasoma kipimo, akasema malaria. Joto la mwili likipanda digrii moja, moyo huongeza mapigo kama kumi. Yeye hilo analijua bila saa. Hapa nitaitendea haki zawadi ya shemeji: iliona homa kabla yangu. Iliona moshi, ila haikujua ni jiko la nani linawaka. Kwa hiyo, wewe unayeishi kwenye mbu kama mimi, ukiambiwa umezidisha mazoezi na hukufanya lolote, nenda kapime damu.

Nilipopona, wanafunzi walitaka kujua kama chombo hiki kinasema kweli hata kidogo. Niliwaambia habari iliyochekesha watu China mwaka 2018, walipofunga bangili za namna hii kwenye karatasi ya chooni na karatasi ikaonyesha mapigo ya moyo. Hawakuamini. Karatasi ya chooni si kitu unachokikuta darasani kwetu, lakini ndizi hazikosi, na kijana mmoja akaja na ndizi aina ya Yangambi Km 5, ile iliyopewa jina la kilomita ya tano ya hapa hapa kwetu na ambayo wataalamu wa migomba duniani wanaiheshimu kwa kustahimili ugonjwa wa madoa meusi. Tukaifunga saa. Ikasita, ikafikiri, ikatoa jibu: 71.

Darasa lilivunjika. Mmoja aliuliza kama ndizi ina lotoko. Nilipopata nafasi ya kusema, nikaeleza kwamba kijicho kile hakiijui damu. Kinatafuta kitu kinachojirudia kwenye mwanga, na kikikosa mapigo huokota mtetemo wowote na kuubatiza jina la moyo. Hata mkononi kwa binadamu, mkanda ukilegea, huanza kubahatisha vilevile.

Kwa ajili ya sayansi, usiku ule niliiacha ndizi imevaa saa, juu ya meza ya chumbani. Asubuhi ripoti ilikuja: usingizi mzuri, mapigo yametulia, haikuamka hata mara moja. Mke wangu aliisoma taratibu, akaweka simu chini.

"Unaona?" alisema. "Hata ndizi inalala nyumbani."

Ndugu zetu mnaotengeneza saa hizi, huko mliko, ninawaomba mambo mawili tu. Wekeni mahali pa kuandika "matanga", ili fataki zisubiri mchungaji aseme amina. Na ule mchoro wa Jumamosi usiku, utumeni kwa mwenye mkono peke yake.